Ukurasa wa Kumi na Nne

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Methali hii watu wengi huipenda, lakini huipenda wakiwa wanamnyooshea kidole jirani. Maana yake haina fumbo. Anayeona si neno mkuki ukimwingia mwenzake ndiye hupiga ukelele wa kwanza ukimgusa yeye, hata kama ni kwa ncha tu. Mwanamke anayesimuliwa hapa aliijua methali hii tangu shule ya msingi, na aliwahi kuiandikia insha akapata alama za juu darasani. Haikumsaidia kitu.

Alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta katika ofisi iliyokuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Wenzake walimwita Bi Maelezo, kwa sababu mtu yeyote aliyemwendea na shida alipewa jibu moja tu: asome maelezo. Kazi iliyompa jina ilikuwa maktaba moja aliyoiita Tarishi. Haikuwa maktaba ya vitabu. Ilikuwa furushi la msimbo, yaani amri za kompyuta zilizokwisha kuandikwa, ambalo waandishi wengine wa programu hulichukua na kulitia katika kazi zao ili wasitwange upya kilichokwisha kutwangwa. Kazi ya Tarishi ilikuwa kutuma barua pepe. Unampa anwani ya mpokeaji, unampa barua, unamwamuru atume, naye anatuma. Shule, zahanati na hoteli kadhaa zilimtumia, na Bi Maelezo alijivunia jambo hilo kupita kiasi.

Tarishi alikuwa na ila moja tu, nayo ni kwamba hakusahau. Ukimpa anwani ya pili, aliiweka pamoja na ile ya kwanza, na barua ya pili akaipeleka kwa wote wawili. Barua ya tatu ilikwenda kwa watatu, ya nne kwa wanne, hivyo hivyo mpaka mwisho wa orodha, isipokuwa umpe amri maalumu ya kumsahaulisha kila baada ya barua. Tabia hiyo alipewa miaka sita iliyopita, kwa ajili ya mteja wa kwanza aliyetaka kuwapelekea watu wale wale barua tatu kwa mpigo. Mteja yule alishakwenda zake siku nyingi, tabia ikabaki. Amri ya kusahau ilielezwa katika mwongozo, ukurasa wa kumi na nne, mstari wa tatu kutoka chini, kwa herufi za kutafutwa na mwenye macho mazuri.

Basi watu walikuwa wakinasa. Zahanati moja ya meno iliwaandikia wagonjwa wake sitini na wawili kuwakumbusha siku zao, na mgonjwa wa kwanza katika orodha akapata habari za magego ya mji mzima. Shule moja ilituma ripoti za muhula, na mzazi ambaye jina la mwanawe lilianza kwa herufi ya kwanza akajua nani kafeli hesabu na nani kafukuzwa bweni. Wazazi waligombana langoni. Mwandishi wa programu ya shule ile alikuja mwenyewe ofisini, jasho linamtiririka, na Bi Maelezo akamwuliza bila hata kumkaribisha kiti kama ukurasa wa kumi na nne aliusoma au aliupita kama mabango ya barabarani. Yule bwana akanywea. Alipotoka, Bi Maelezo aliigiza sauti yake mbele ya wenzake wakati wa chai, na ofisi ikacheka.

Mtu mmoja hakucheka. Huyu alikuwa mwanamume wa makamo aliyefundisha jiografia kwa miaka mingi kabla hajajifunza kuandika programu, kwa hiyo ofisini aliitwa Mwalimu. Yeye ndiye aliyepokea malalamiko ya wateja na kuyaandika katika daftari lenye jalada la kijani, na malalamiko yakimfika kooni yeye ndiye aliyeyameza. Alisubiri kicheko kiishe, akafungua daftari.

“Huyu ni wa kumi na moja,” alisema. “Watu kumi na mmoja wametumbukia katika shimo hilo hilo. Wa kumi na mbili akitumbukia, tutalaumu macho yake au tutalaumu shimo?”

“Shimo lina bango,” Bi Maelezo akajibu. “Asiyesoma bango, mguu wake mwenyewe.”

Mwalimu alimweleza kwa upole kwamba dawa haikuwa kubwa. Tarishi angeweza kusahau mwenyewe kila akimaliza barua, na atakayetaka akumbuke ndiye atoe amri. Ilikuwa kazi ya mistari mitatu. Bi Maelezo alikasirika kweli kweli. Alisema kwamba hatayarishi uji wa watoto, kwamba fundi asiyesoma hastahili kuitwa fundi, na kwamba akianza kuwalainishia watu kila kitu kesho watamwomba aje awafungie na kamba za viatu. Mwalimu akafunga daftari lake. Hakuwa mtu wa kubishana mara mbili.

Wiki ile ile Bi Maelezo alikuwa na mzigo mwingine, nao ulikuwa wa nyumbani. Mama yake, mjane wa miaka sabini na minne aliyekuwa akiishi peke yake, aliteleza bafuni akavunjika mkono wa kulia. Alifungwa plasta kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Kabla ya hapo alishasahau sufuria motoni mara mbili, na mara ya pili jirani ndiye aliyeingia kuzima jiko. Watoto walikuwa wanne: kaka mkubwa, dada, Bi Maelezo mwenyewe, na kitinda mimba aliyekuwa fundi wa friji. Ufunguo wa akiba wa nyumba ya mama alikuwa nao Bi Maelezo. Mama alimpa yeye, akawaambia wengine mbele yake kwamba huyu ndiye asiyepoteza kitu, na kwa miaka tisa ufunguo ule wa shaba ulining'inia katika pete moja na funguo za ofisi. Ukimwuliza ni heshima gani duniani alijivunia zaidi ya Tarishi, angekutajia huo.

Akaona ni wajibu wake kulipanga jambo la mama, na alilipanga kama alivyopanga mambo yote, bila kumwuliza mtu. Siku ya Ijumaa, saa sita mchana, alikaa mezani pake ofisini akaandika barua nne, kila moja na maneno yake.

Ya mama ilikuwa tamu. Alimwambia kwamba Jumapili watoto wote wanakuja kumjulia hali tu, asijisumbue na jiko kwa mkono mmoja. Ya kaka ilisema kwamba mama hawezi tena kukaa peke yake, lakini akiulizwa atakataa, kwa hiyo asiulizwe. Jumapili wamfungashie nguo, wamchukue, nyumba ifungwe, ufunguo anao yeye. Ya dada ilisema kwamba mama akae kwa dada, kwani kwa kaka hakufai, wifi yao ni mtu wa midomo. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe angemchukua, ila kazi yake inataka utulivu, na mama akianza hadithi zake za posta hakuna wa kumnyamazisha. Ya kitinda mimba ilikuwa fupi kuliko zote. Alimwambia alete gari, afunge mdomo, na asianze kulialia mbele ya mama kama mtoto wa chekechea.

Mtu mwingine angezituma barua nne kwa mkono, moja moja, zikaisha kwa dakika tatu. Bi Maelezo aliona hiyo ni aibu kwa mtu wa kiwango chake. Akaandika programu ndogo ya kumkabidhi Tarishi zote kwa pamoja, akapanga anwani kwa heshima kama alivyolelewa, mkubwa kwanza: mama, kaka, dada, kitinda mimba. Alikuwa amefika mwisho, kidole kinaelekea kitufe, simu ya mezani ikalia.

Alikuwa mwandishi wa programu wa hoteli moja. Alijieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia au anayejiandaa kulia. Mgeni wa kwanza katika orodha yake amepokea barua za wageni arobaini, na meneja yuko mlangoni. Bi Maelezo alihisi damu inampanda kichwani. Aliishika simu kwa bega, akavuta pumzi.

“Ulimwambia asahau?” alimwuliza. “Nakuuliza tu. Kila baada ya barua, ulimwambia asahau?”

Yule bwana akasema hakujua. Bi Maelezo akamsomea ukurasa wa kumi na nne wote, neno kwa neno, kwa kichwa, kwa sauti iliyosikika mpaka dirishani kwa Mwalimu. Akamwambia kwamba kuna watu waliopewa macho wakayafanya mapambo. Na huku akisema hayo, mkono wake wa kulia, uliokuwa hauna kazi, ukabonyeza kitufe. Barua nne zikaondoka. Amri ya kusahau haikuwamo humo, hata mara moja. Aliyeitunga aliisahau mwenyewe.

Alikata simu akiwa ameridhika, akaenda kula. Kijiko kilikuwa bado mkononi kitinda mimba alipompigia.

“Dada,” alisema, sauti yake imepoa, “hii barua yangu umeituma kwa watu wote?”

“Nani wote? Ni yako peke yako.”

“Juu ya jina langu naona mama. Naona kaka. Naona dada. Mimi niko wa mwisho.”

Bi Maelezo aliweka kijiko chini. Hakuhitaji kuelezwa zaidi, maana hesabu hiyo aliwafanyia watu kumi na wawili kabla. Kitinda mimba alipata barua moja. Dada alipata mbili. Kaka alipata tatu, pamoja na ile ya midomo ya mkewe. Na mama, kwa kuwa aliheshimiwa akawekwa wa kwanza, alizipata zote nne. Alirudi mezani mbio akatafuta namna ya kuzirudisha, ingawa alijua vizuri kuliko mtu yeyote katika jengo lile kwamba namna hiyo haipo. Alimpigia mama. Simu iliita mpaka ikachoka. Alipiga tena mara sita, na mara ya saba ikawa imezimwa.

Jumamosi hakuna aliyempigia. Jioni ulikuja ujumbe wa kaka, maneno matatu tu: kesho saa nne.

Alipofika kwa mama, ndugu zake walikuwa wamekwisha kukaa. Kaka aliangalia zulia. Dada alijibu salamu kwa kichwa. Kitinda mimba alikuwa karibu na dirisha, macho mekundu, na safari hii hakuna aliyethubutu kumchezea. Wifi yake, mke wa kaka, ndiye pekee aliyeinuka kumpokea, akamletea glasi ya maji juu ya kisahani.

“Karibu maji, wifi,” alisema kwa adabu kubwa. “Mtu wa midomo nimekuletea.”

Bi Maelezo aliyaweka maji mezani. Mama alikuwa mwisho wa meza, mkono wa plasta juu ya mto, miwani puani, simu mbele yake. Mama huyu alifanya kazi posta miaka thelathini na mmoja, katika chumba cha nyuma cha kuchambulia barua, na bado alikuwa na mazoea ya kunyoosha kila karatasi kwa ukingo wa kiganja kabla ya kuisoma. Sasa alikuwa akiinyoosha simu vivyo hivyo.

Bi Maelezo alipiga magoti kando ya kiti chake. Alisema ameteleza, alisema hakukusudia, na alipoona maneno hayafiki popote akashika njia aliyoizoea.

“Ni mashine, mama. Ina orodha. Haisahau mpaka uiambie. Si mimi wa kwanza kunaswa.”

“Nani aliitengeneza hivyo?” mama akauliza.

“Mimi.”

“Na wenzio yalipowafika, maana naona si mara ya kwanza, uliwaambia nini?”

“Niliwaambia wasome maelezo.”

“Basi nipe niyasome na mimi.”

Alidhani mama anamkejeli. Mama hakuwa anakejeli. Alisubiri, kiganja wazi, mpaka Bi Maelezo akaufungua mwongozo katika simu yake na kumtafutia ukurasa wa kumi na nne. Mama aliusoma kutoka juu. Alipofika mistari ya chini akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa khanga, akaivaa tena, akasogeza simu karibu na pua. Ilichukua muda mrefu, na katika muda huo Bi Maelezo aliona kwa mara ya kwanza udogo wa herufi zile. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma.

“Posta,” mama alisema, akamtazama kidogo kuona kama atanyamazishwa, “mpeleka barua akirudi alituachia mfuko wake. Sisi wa ndani tuliupindua, tukaukung'uta, ndipo tukatia barua za mwingine. Haikuwa kazi yake yeye. Yeye ana jua, ana mbwa wa watu, ana haraka. Humpi mtu kama huyo mfuko wenye barua za jana, halafu ukamwambia kosa lako, hukuchungulia.” Akamrudishia simu. “Miaka thelathini na mmoja, mwanangu. Hakuna mtu aliyeletewa barua isiyo yake kwa mkono wangu. Hadithi hii nilishakusimulia. Ulikuwa unahitaji utulivu.”

Bi Maelezo alilia. Alilia kama mtoto wa chekechea, mbele ya wote, na kitinda mimba ndiye aliyempa kitambaa.

Mama hakusubiri machozi yakauke. Aliwaambia kwamba anajua umri wake na anajua sufuria zake, na kwamba kuondoka si shida, shida ni kuondolewa. Atakwenda kwa mwanawe mkubwa mpaka plasta itolewe, kisha atarudi kwake, na hapo watazungumza tena, naye akiwamo katika mazungumzo. Dada akataka kujua kwa nini si kwake. Mama akamwelekezea kidevu wifi yule aliyekuwa akikusanya glasi.

“Ijumaa simu yangu ililia mpaka nikaizima, kila mtu anataka kujieleza. Huyu alikuja kwa miguu yake, akaniuliza mimi nataka nini.”

Kisha akageuka akanyoosha mkono mzima, ule wa kushoto.

“Ufunguo wangu.”

Pete ilikuwa ngumu, kwa hiyo ilimchukua Bi Maelezo muda kuutoa. Mama aliupokea, akampa kitinda mimba. Yeye akautia katika mfuko wa shati, akaufunga kwa kifungo.

Jumatatu asubuhi Bi Maelezo aliingia ofisini kabla ya mfagiaji. Aliandika mistari mitatu. Tangu siku ile Tarishi alikung'uta mfuko wake mwenyewe kila akimaliza barua, na aliyetaka akumbuke ilimbidi atamke hivyo waziwazi. Ukurasa wa kumi na nne ukafutwa. Mwalimu alipofika aliyasoma mabadiliko kwenye kompyuta yake, akainua macho, akamwona jinsi uso ulivyomvimba, akayarudisha macho kwenye kazi. Daftari la kijani hakuligusa, na Bi Maelezo alimshukuru moyoni kwa hilo kuliko kwa maneno yoyote.

Kisha akaazima daftari lenyewe, akaandika barua kumi na mbili za kuomba radhi. Hakumpa Tarishi. Alizituma kwa mkono, moja moja, akisoma kila anwani mara mbili kabla ya kubonyeza. Aliwaeleza kwamba walionaswa ni watu kumi na wawili, kwamba kosa halikuwa lao, lilikuwa la maktaba, na kwamba sasa limerekebishwa. Wengi hawakujibu. Mwandishi wa programu wa hoteli, ambaye meneja alikuwa amemsimamisha kazi tangu Ijumaa, alijibu kabla ya saa sita.

Alimshukuru kwa ustaarabu. Alisema ameipeleka barua ile kwa meneja na huenda ikamsaidia. Halafu akauliza swali moja, na hakuliuliza kwa ubaya: ameyatazama mabadiliko, ameona ni mistari mitatu tu, sasa mbona haikuandikwa watu wengine kumi na mmoja walipolia kabla yake?

Bi Maelezo alilisoma swali mara nyingi. Alianza kujibu, akafuta, akaanza tena. Saa kumi na moja alifunga kompyuta, akachukua pete ya funguo mezani, nayo ilikuwa nyepesi mkononi. Jibu alikuwa nalo tangu Jumapili, ila halikuandikika kwa mtu aliyeonewa, maana lilikuwa hili: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.